Kwa Nini Fulani Hakuchaguliwa? Maelezo juu ya Timu ya Taifa ya Raga

Mtu akishuka matatu Mutuini jioni ya Jumamosi ambayo timu ya taifa ya raga imecheza, hana haja ya kuuliza mchezo umekwishaje. Atasikia mwenyewe. Katika hoteli za chai, penye duka la nyama na penye kinyozi, kila mtu amekuwa mwalimu wa raga. Ikiwa timu imeshinda, maneno ni machache na vicheko ni vingi. Ikiwa imeshindwa, swali moja hurudiwa tangu saa kumi na mbili hata usiku: "Kwa nini fulani hakuchaguliwa?"

Wasioijua sehemu hii huenda wakastaajabu, kwa maana hudhani ya kuwa raga ni mchezo wa watu wa mitaa ya kifahari. Lakini Mutuini, iliyo katika Dagoretti upande wa magharibi wa Nairobi, haiko mbali na chimbuko la mchezo huu. Shule ya Lenana, iliyoanzishwa 1949 kwa jina la Duke of York, i jirani, na vijana wake wamecheza raga kwa miaka mingi. Tena mtu akifuata Barabara ya Naivasha mpaka Dagoretti Corner, kisha akashika Barabara ya Ngong kuelekea mjini, ataufikia uwanja wa RFUEA, ambao timu ya Kenya imeutumia mara nyingi kupokea wageni. Basi si ajabu kumwona mwuza nyama wa Dagoretti akibishana na kijana wa shule juu ya nani angefaa kuvaa fulana namba 10.

Nia ya makala haya si kuyazima mabishano hayo. Ni kueleza jinsi timu inavyochaguliwa na jinsi mchezo wa mataifa mawili, ambao watu wa raga huuita testi, unavyopasa kupimwa baada ya kwisha. Maana twaona ya kuwa mara nyingi lawama huwekwa juu ya mtu asiyehusika, na mahali palipovunjika hapatazamwi kabisa.

Kwanza yafaa tukumbuke ya kwamba neno "kuchaguliwa" halikuwa na maana moja siku zote. Tarehe 28 Septemba 1955 timu ya Afrika ya Mashariki ilicheza na British Lions, yaani wachezaji bora wa Uingereza na Ireland, waliokuwa wakirudi kwao kutoka Afrika ya Kusini. Mchezo ulichezwa kwenye uwanja huo huo wa Barabara ya Ngong, ambao ulianza kutumika mwaka ule, na wageni walishinda kwa pointi 39 kwa 12. Mwaka 1962 walikuja tena wakashinda 50 kwa 0. Katika timu ile ya 1955 hakuwamo Mwafrika hata mmoja. Wachaguzi hawakuwaacha Waafrika kwa sababu ya uvivu wao au udhaifu wa miguu yao. Hawakuwatazama kabisa, kwa kuwa mchezo ulikuwa wa vilabu na shule za Wazungu peke yao. Tena nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na mtu wa Mutuini hakuweza kwenda mjini bila vyeti mkononi. Baada ya uhuru mambo yaligeuka polepole. Klabu ya Mwamba ilianzishwa 1977 na wachezaji Waafrika, na mwaka huo huo timu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iitwayo Mean Machine, ikatwaa Kombe la Kenya. Wazee wachache wa Dagoretti bado husema, "Zamani hatukuuliza kwa nini fulani hakuchaguliwa. Tulijua." Swali la leo, basi, ni swali la watu walio na haki ya kuuliza, na ndiyo sababu linastahili jibu la kweli.

Tuuchukue mwaka 2018, maana mabishano ya mwaka ule hayajasahaulika. Kombe la Dunia lilikuwa lichezwe Japani mwaka 2019, na Kenya haikuwa imepata kuingia katika Kombe la Dunia la raga ya wachezaji 15 hata mara moja. Timu za Afrika zilishindania nafasi moja ya kwenda moja kwa moja. Mwalimu wa Kenya alikuwa Ian Snook, mtu wa New Zealand. Kenya iliishinda Morocco 28 kwa 24, ikaishinda Zimbabwe 45 kwa 36, ikaishinda Uganda 38 kwa 22, na ikaifunga Tunisia 67 kwa 0. Michezo minne, ushindi mara nne. Mwezi wa Agosti ikaenda Windhoek kucheza na Namibia, na mshindi wa siku ile ndiye angekwenda Japani. Namibia ilishinda 53 kwa 28.

Jioni ile majina yalitajwa mengi sana. Mmoja alisema mpiga mikwaju hakufaa. Mwingine alisema mabeki wangebadilishwa. Wa tatu alitaka wachezaji wa timu ya saba, wale waitwao Shujaa, wachukuliwe wote wakaingizwe katika timu ya kumi na tano. Lakini hebu msomaji achukue kalamu na karatasi, ajumlishe pamoja nasi. Katika michezo ile mitano Kenya ilipata pointi 206, yaani zaidi ya 40 kwa kila mchezo. Hata Windhoek, ugenini, mbele ya timu iliyoshiriki kila Kombe la Dunia tangu 1999, ilipata pointi 28. Timu ipatayo pointi 28 ugenini haina njaa ya wafungaji. Sasa tutazame upande wa pili wa daftari. Morocco ilipata 24, Zimbabwe 36, Uganda 22, Namibia 53. Ukiiacha Tunisia, hakuna mpinzani aliyepata chini ya 22. Tundu lilikuwako tangu mwanzo, ila ushindi ulilifunika, kama vile zulia lifunikavyo sakafu iliyooza.

Nani alitajwa kwa kosa hilo? Karibu hapana mtu. Kumkaba mwenye mpira na kumwangusha ni kazi ya wote kumi na watano, na kosa la wote halina jina la kutaja mbele ya kikombe cha chai. Mkwaju uliopita nje ya milingoti huonekana na kila mtu; lakini beki aliyesimama hatua mbili mbali na mahali pake, au fowadi aliyechelewa kuinuka kutoka katika rundo la watu, haonekani ila kwa mtu aliyejizoeza kutazama.

Habari haikuishia Windhoek. Kwa kuwa Kenya ilikuwa ya pili Afrika, ilipewa nafasi ya mwisho huko Marseille, Ufaransa, mwezi wa Novemba 2018, pamoja na Canada, Ujerumani na Hong Kong. Matokeo yalikuwa haya: Canada 65, Kenya 19, Ujerumani 43, Kenya 6, Hong Kong 42, Kenya 17. Jumla Kenya ilipata pointi 42 na kufungwa 150. Katika Afrika tulikuwa tukipata zaidi ya 40 kwa mchezo mmoja. Marseille tulipata 42 kwa michezo mitatu. Je, wachezaji walisahau kucheza kati ya Agosti na Novemba? Hapana. Waliobadilika ni wapinzani. Mtu apimaye mchezaji bila kumpima aliyesimama mbele yake ni sawa na mfanya biashara aulizaye bei ya debe la mahindi bila kuuliza ni debe la kiasi gani.

Sasa tufikie jambo lenyewe la uchaguzi, ambalo watu wengi hulifikiri kuwa ni kuchukua majina kumi na matano yanayopendwa na kuyaandika kwenye orodha.

Siku ya testi mwalimu huandika majina 23: kumi na watano wa kuanza, na wanane wa akiba. Mafowadi ni wanane, namba 1 mpaka 8, na hao ndio wanaoshikana katika skramu. Mabeki ni saba, namba 9 mpaka 15. Katika mchezo wa mpira wa miguu mshambuliaji aweza kurudi kucheza nyuma, na pengine asiharibu kitu. Katika raga kazi nyingine haziazimwi. Namba 1, 2 na 3, ambao ni mstari wa mbele wa skramu, hubeba juu ya shingo na mabega yao nguvu ya kundi zima la upande wa pili. Mtu asiyefundishwa kazi hiyo akiwekwa pale, hatari si kupoteza mpira tu, bali ni kuvunjika shingo. Kwa sababu hiyo sheria yalazimisha kwamba katika wale 23 wawemo watu sita waliofundishwa kazi ya mstari wa mbele, watatu wakiwa wa akiba. Na ikiwa wamekwisha kwa kuumia, mwamuzi huamuru skramu zichezwe bila kusukumana.

Basi katika nafasi nane za akiba, tatu zimekwisha kuchukuliwa na sheria kabla mwalimu hajafungua kinywa. Zabaki tano kwa mafowadi wengine na mabeki wote. Yule kijana mwenye mbio, ambaye Mutuini nzima humpenda, hushindania nafasi moja au mbili tu. Aweza kuwa bora kuliko watu wanane waliomo katika orodha ile, na bado asipate nafasi, kwa kuwa hakuna hata mmoja kati ya wanane hao ambaye yeye aweza kumfanyia kazi yake.

Hapa yafaa tueleze habari za timu ya saba, maana ndiyo huleta ugomvi mkubwa. Shujaa wameipa nchi yetu heshima ambayo timu ya kumi na tano haijaipata. Mwezi wa Aprili 2016, chini ya mwalimu Benjamin Ayimba, waliishinda Fiji 30 kwa 7 huko Singapore wakatwaa kombe. Collins Injera alifunga trai nyingi hata mwaka huo akashika rekodi ya dunia katika mashindano yale. Kwa hiyo mtu husema, "Kama hawa wameishinda Fiji, watashindwaje na Namibia?" Swali ni zuri, lakini lina kosa ndani yake. Mchezo wa saba huchukua dakika 14, na skramu yake ina watu watatu kila upande. Mchezo wa kumi na tano huchukua dakika 80, na katika uwanja ule ule kuna watu 30 badala ya 14. Nafasi ambayo Injera aliipata Singapore ili akimbie, katika mchezo wa kumi na tano imesimamiwa na watu wawili wenye uzito wa gunia moja la mahindi na zaidi. Wako waliocheza yote mawili na kufaulu. Lakini mtu hahamishwi kama kiti; huhitaji miezi ya kuongeza uzito na kuzoea, na miezi hiyo ndiyo ambayo timu ya saba nayo inamhitaji.

Kijana mmoja aliyecheza shuleni aliyaeleza hayo katika hoteli ya Mutuini, na mzee mwuza nyama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha mzee akasema, "Kijana wangu, mimi huchinja ng'ombe. Najua tofauti ya paja na shingo. Lakini niambie jambo moja: huyo wa shingo, namba 3 wa leo, jina lake nani?" Kijana alinyamaza, na kikao kizima kikanyamaza naye. Walikuwa wamebishana saa mbili, na katika majina yote waliyoyataja hapakuwa na fowadi hata mmoja wa mstari wa mbele. Twakiri ya kuwa hata sisi tulikuwa tumekaa pale na hatukulijua.

Jambo jingine lisilofikiriwa ni nani aliyepatikana. Wachezaji wengi wa Kenya hawalipwi kwa kucheza kama wanavyolipwa wa Ulaya. Wana kazi zao na masomo yao. Mchezaji aliyeumia juma lililopita katika mchezo wa klabu hatangaziwi hotelini, wala yule aliyenyimwa ruhusa na tajiri wake. Mwalimu huchagua katika waliobaki. Mshabiki huchagua katika wote, pamoja na walioumia, na kwa hiyo timu ya mshabiki siku zote ni nzuri kuliko ya mwalimu.

Hatusemi ya kuwa walimu na viongozi hawakosei. Wanakosea, na wananchi wana haki ya kuuliza. Mwaka 2014 huko Antananarivo, Madagascar, Kenya ilikuwa imeshika mlango wa Kombe la Dunia la 2015 kwa mkono wake. Iliishinda Namibia 29 kwa 22, ikaishinda Madagascar 34 kwa 0. Ulibaki mchezo mmoja na Zimbabwe, na Kenya kama ingaliushinda, ingalikwenda Uingereza. Ilishindwa 28 kwa 10. Siku ile ile Namibia iliifunga Madagascar 89 kwa 10. Timu tatu zikawa na ushindi mara mbili kila moja, Namibia ikahesabiwa ya kwanza, na Kenya ikaangukia nafasi ya tatu. Hapo maswali ni halali: Je, miguu ilikuwa imechoka kwa michezo mitatu ya karibu karibu? Je, wa akiba walitumiwa vya kutosha katika michezo miwili ya kwanza? Maswali kama hayo humlazimu kiongozi kujibu. "Fulani ni bure kabisa" halimlazimu mtu yeyote, ila humwumiza fulani, ambaye huenda kesho asubuhi akapanda matatu moja na yule aliyemtukana.

Mambo ya 2022 yalifanana na ya 2018 kuliko tulivyopenda. Mashindano ya Afrika yalichezwa Ufaransa mwezi wa Julai. Kenya ikaishinda Algeria 36 kwa 33 katika nusu fainali, kisha Namibia ikaishinda Kenya 36 kwa 0 katika fainali. Novemba huko Dubai, penye nafasi ya mwisho tena, Ureno iliifunga Kenya 85 kwa 0. Mwalimu alikuwa mwingine, na wachezaji wengi walikuwa wengine. Mtu ambaye mwaka 2018 alidai ya kuwa kubadili majina matatu kungetosha, na aitazame hesabu hiyo. Timu ya Kenya hucheza testi ngumu chache mno kwa mwaka, na mchezaji hawezi kuzoea mwendo wa Canada au Ureno kwa kucheza na klabu za Nairobi peke yake. Namibia yenyewe haikuwa isiyoshindika: mwezi wa Julai 2025, huko Kampala, Zimbabwe iliishinda 30 kwa 28 ikapata nafasi ya Kombe la Dunia la 2027, ambalo haikuwa imeingia tangu 1991. Miaka thelathini na minne Zimbabwe ilikuwa ikibishana hotelini kama sisi.

Kwa msomaji atakayekwenda uwanjani au kutazama kwenye televisheni, twatoa shauri dogo. Katika dakika ishirini za kwanza, aache kuufuata mpira kwa macho. Atazame skramu mbili au tatu, aone ni upande gani unaorudi nyuma. Skramu ikirudi nyuma, namba 9 hupokea mpira huku amekwisha kukanyagwa, naye humpa namba 10 mpira mbaya, na namba 10 hupiga teke la haraka linalokwenda mikononi mwa adui. Hotelini atalaumiwa namba 10. Kisha atazame mpira unaporushwa kutoka pembeni mwa uwanja, ahesabu ni mara ngapi timu yetu imepoteza mpira ilioutupa yenyewe. Baadaye ahesabu watu waliokabwa wakaanguka, na waliokabwa wasianguke. Hesabu hizo tatu zaweza kuandikwa nyuma ya tikiti ya kiingilio.

Orodha ya wachezaji 23 hutangazwa kabla ya siku ya mchezo. Aghalabu namba 16, 17 na 18 ndio watu wa akiba wa mstari wa mbele. Huingizwa baada ya mapumziko, wakati ambapo watazamaji wengi wako kwenye foleni ya soda, na mara nyingi mchezo huamuliwa katika dakika zile kumi na tano zinazofuata kuingia kwao.